Tulivyohamisha kundi la wakulima wa viazi kutoka mtandao mkubwa

Bei ya viazi mviringo haikai. Gari linaweza kupakia Ilembo, huku Umalila mkoani Mbeya, jioni kwa bei moja, likafika Dar es Salaam likakuta Njombe na Makete nao wameshusha usiku uleule, na gunia limeshuka thamani kabla turubai halijafunguliwa. Mkulima wa Umalila asiyejua hilo mapema anabaki na neno la dalali tu. Ndiyo maana kundi letu lilipoanza mtandaoni, kazi yake kubwa ilikuwa bei. Asubuhi mtu wa soko la SIDO pale Mwanjelwa anaandika alichokikuta sokoni, mtu wa Makambako anaandika chake, mchana msafirishaji anaongeza habari za Dar. Mengine yalifuata yenyewe: picha za majani yenye ukungu, maswali ya mbegu ya Sherekea na Kikondo, malalamiko ya lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, na ubishi usiokwisha kuhusu lini unyunyizie dawa kama mvua haikatiki.

Mimi ni mmoja wa waliolitunza kundi hilo, na nataka kueleza tulivyolitoa kwenye mtandao mmojawapo mkubwa wa kijamii tukalipeleka kwenye mitandao isiyo na mmiliki mmoja. Naeleza kwa kirefu kwa sababu naona makundi mengine ya kwetu, ya parachichi Rungwe na Njombe, ya kahawa Mbozi, yanatamani kutoka yalipo na yanaogopa kupoteza watu wao. Hofu hiyo ni ya haki.

Kilichotuondoa ni mpangilio. Zamani ukifungua ukurasa wetu ulikuta la leo juu na la jana chini. Baadaye mtandao ukaanza kuchagua wenyewe: mashine inapima kipi kitamfanya mtu akae zaidi kwenye skrini, na hicho ndicho anachoonyeshwa kwanza. Kwa picha za harusi hakuna neno. Kwa bei ya viazi ni hasara. Mama mmoja wa Santilya alinipigia akiuliza kwa nini tumeandika gunia limepanda ilhali wanunuzi wanasema limeshuka. Nilipomwomba anisomee alichokiona, alinisomea bei ya Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Alikuwa amemkatalia mnunuzi kwa kutuamini sisi, na viazi vilikuwa vimeshachimbwa, vimelundikwa kivulini.

Halafu ukurasa ukafungiwa. Dada mmoja mwenye duka la pembejeo Uyole alikuwa ameweka picha ya chupa za dawa, moja yenye lebo halisi na nyingine ya bandia, ili watu wajue kuzitofautisha. Mfumo uliiona kama tangazo la bidhaa iliyokatazwa. Tulijaza fomu ya rufaa, tukajibiwa na mashine. Tukajaza tena, yakaja maneno yaleyale. Hapakuwa na binadamu wa kumwambia kwa Kiswahili, "Ndugu yangu, picha hii inamzuia mkulima asiibiwe." Ukurasa ulirudishwa baadaye bila maelezo, na bila baadhi ya picha zetu za zamani.

Zilizoniuma zaidi ni za mnyauko. Unakata shina la kiazi kilichonyauka, unalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unasubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya. Unang'oa, unabadilisha zao kwenye shamba hilo, unatafuta mbegu safi. Wakulima wengi wakiona mmea umelegea wanakimbilia dawa za ukungu, wanamwaga fedha bure. Picha ile ilikuwa imewaokoa watu wengi, na ilipotoweka hatukuwa na nakala yake nzuri kwa sababu sote tuliamini iko salama kule.

Wakati huo dunia nzima ilikuwa inazungumzia kuhama. Elon Musk alikuwa ameinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na ndani ya wiki chache watu wengi walikimbilia Mastodon, programu ya mtandao wa kijamii ambayo Eugen Rochko aliianzisha nchini Ujerumani mwaka 2016. Rochko mwenyewe alieleza kuwa watumiaji hai kwa mwezi walipanda kutoka takriban 300,000 hadi milioni 2.5 kati ya Oktoba na Novemba mwaka huo. Kwetu habari hizo zililetwa na kijana mmoja aliyesomea kompyuta hapa Mbeya, na yeye ndiye aliyekaa nasi akatueleza mambo yanavyokwenda.

Mastodon haiko mahali pamoja. Kuna seva maelfu, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na machapisho ya watu, kila moja na mwenyewe na kanuni zake, nazo zinapelekeana ujumbe kwa utaratibu wa pamoja unaoitwa ActivityPub, ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliupitisha Januari 2018. Anwani yako ina jina lako na jina la seva yako, kama barua pepe, na aliyeko seva nyingine anaweza kukufuata bila shida. Tena machapisho ya unaowafuata yanakuja kwa mfuatano wa saa. Mimi nilishikwa na hilo la mwisho. Nilimfikiria yule mama wa Santilya.

Basi tukatangaza kwamba kundi linahama, njooni huku. Wakaja wachache mno, na wengi wao wakarudi walikotoka.

Kuchagua seva kuliwachosha watu kabla hawajaanza. Mzee mmoja wa Isongole aliniambia, "Mwanangu, unaniuliza nikae seva ipi, na mimi seva siijui. Nionyeshe palipo na watu, nitakuja." Wengine walifungua akaunti wakakuta kimya, maana mle ndani usipomfuata mtu huoni kitu, na mtu mpya hajui wa kumfuata. Hayo yote niliyasoma pia kwa watu wa nchi nyingine.

Kikwazo ambacho sikukiona kikitajwa popote ni bando. Mkulima wa huku mara nyingi hanunui intaneti kwa jumla. Ananunua bando la mitandao ya kijamii, analolipa kidogo na kupata WhatsApp pamoja na mitandao mikubwa miwili mitatu. Mtandao usiokuwamo kwenye orodha hiyo unakula MB za kawaida zilizo ghali, na kama hana MB hizo haufunguki kabisa. Kwa hiyo tulipokuwa tunamwambia mtu ahame, tulikuwa tunamwambia alipe zaidi asome kilekile. Mtu akikataa hapo, hawezi kuitwa mzito wa kubadilika. Amepiga hesabu yake na iko sahihi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana wetu wa teknolojia husema "watu hawajali uhuru wao", na mimi sikubali. Watu wanajali, ila wanajali pia ada ya shule na mbolea ya kupandia.

Hata huko nje wimbi lilipungua. Mwaka 2023 idadi ya watumiaji hai wa Mastodon ilishuka sana kutoka kilele kile. Naamini kisa ni kimoja: watu waliitwa mmoja mmoja waende mahali ambapo wenzao hawajafika.

Tulipolirudia suala hilo, tulikaa dukani kwa dada wa pembejeo tukapitia maswali ya zamani ya kundi, ya kila msimu, tukiangalia nani aliuliza na nani alijibu. Kilichojitokeza kilinibadilisha mtazamo moja kwa moja. Wafuasi walikuwa wengi, lakini karibu kila jibu lenye maana lilitoka kwa watu walewale: afisa ugani mstaafu, dada mwenyewe, mtu wa SIDO, msafirishaji mmoja, mtu wa Makambako, na mama wa Makete anayezalisha mbegu. Wangeweza kuenea kwenye benchi moja. Waliobaki walikuwa wanasoma, na wengi hawakuwahi kuandika neno hata siku moja. Walikuja kwa ajili ya majibu ya wale wachache.

Hao wachache ndio tuliowahamisha, wote pamoja, siku moja, kila mmoja akikaa na kijana wa kompyuta mpaka simu yake ikakubali na akaweza kuandika peke yake. Tuliwafanya wafuatane wao kwa wao hapohapo, ili asiwepo atakayekuta kimya. Wasomaji hatukuwaomba wafungue akaunti yoyote.

Hapo ndipo tofauti ya mitandao hii ilipotufaa kwa namna ambayo hakuna aliyetuhubiria. Mitandao mikubwa imezoea kumzuia mgeni mlangoni: utaona machapisho mawili matatu, kisha unaambiwa ingia au jisajili. Ukurasa wa Mastodon ulio wa wazi unafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, bila akaunti, bila programu, la leo likiwa juu. Tukatuma linki moja kwa WhatsApp na kwa SMS, na tukaiandika kwa kalamu nene kwenye mlango wa duka Uyole na kwenye mzani wa Ilembo. Kuanzia hapo niliacha kuhesabu waliojisajili. Niliangalia kama simu za kuuliza "bei hii ya lini?" zimepungua, na zikapungua kweli.

Kwa wasio na MB za kawaida, kijana mmoja ananakili bei za asubuhi na kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuliweka kanuni moja ambayo ningependa kila kundi la soko liichukue: kila bei inaanza na mahali, tarehe na saa, kabla ya tarakimu yoyote. Ujumbe hata ukisambazwa ukachelewa, ukapita mikono mingi, msomaji anaona mwenyewe kwamba umeshapitwa. Tungefanya hivyo tangu kwenye mtandao wa kwanza, na lile la Santilya huenda lisingetokea.

Kitu kingine tulichokikuta kule kikatusaidia kuliko tulivyotarajia ni desturi ya kueleza picha kwa maneno. Watumiaji wa Mastodon wanahimizana sana kuandika maelezo chini ya kila picha ili asiyeona asomewe na simu yake. Dada wa pembejeo alianza kuandika: "Jani lina madoa ya kahawia iliyokolea, upande wa chini pembezoni mwa doa kuna utando mweupe, limepigwa picha asubuhi na mapema." Ukisoma hivyo unajua ni ukungu hata picha isipofunguka. Na huku kwetu picha hazifunguki mara nyingi, ama kwa sababu ya mtandao wa milimani, ama kwa kubana bando. Maelezo yale yamekuwa mafunzo yenyewe. Afisa ugani mstaafu anasema sasa wakulima wanapompigia wanaeleza ugonjwa vizuri zaidi, wanataja rangi, wanataja upande wa jani, wanataja umri wa mmea. Jambo lililowekwa kwa ajili ya wasioona limetufundisha sote kutazama.

Maswali ya wasomaji yanapita dukani, au kwa simu, au kwa kijana wa WhatsApp, na mmoja wa wanaojibu anayapandisha. Kuna waliotuambia huo ni mzunguko mrefu. Ni kweli, lakini swali linalopita kwa mtu linafika likiwa limeshaulizwa mara ya pili: shamba liko wapi, mbegu ilitoka wapi, msimu uliopita kulikuwa na nini.

Sasa seva. Tulianza kwenye seva ya wageni, inayoendeshwa kwa kujitolea na mtu wa mbali. Siku moja akatangaza kwamba anaifunga. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon huwa zimekubali masharti machache, mojawapo likiwa kutoa taarifa miezi 3 kabla ya kufunga, na yule bwana aliyatimiza kwa uungwana. Tulihama kwa utulivu. Ila kila anayefikiria njia hii ajue jambo moja mapema: ukihamisha akaunti kutoka seva moja kwenda nyingine, wafuasi wanakuja nawe, machapisho hayaji. Yanabaki kule mpaka seva izimwe. Unaweza kupakua kumbukumbu zako zote, na sisi tulipakua, zikawekwa kwenye flashi mbili, moja dukani na nyingine kwa afisa ugani. Picha mpya za mnyauko, zile za glasi, zimo kwenye flashi zote mbili.

Baada ya hapo tukasema tuwe na seva yetu. Hapa niseme wazi, maana maneno matamu ni mengi: seva ni mzigo. Mastodon ni programu nzito. Inataka hifadhidata ya PostgreSQL, inataka Redis, inataka mtu wa kuisasisha kila toleo jipya linapotoka. Seva inahifadhi pia nakala za picha za watu wa seva nyingine mnaowafuata, kwa hiyo diski inajaa kwa picha ambazo hamkupiga ninyi, na lazima upange zifutwe baada ya muda. Kijana wetu alitushauri GoToSocial, programu nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya seva ndogo, nayo inatumia ActivityPub ileile, na kwa kundi la watu wachache wanaoandika imetosha. Nafasi tunaikodi nje ya nchi na malipo yanataka kadi, ambayo wengi wetu hatuna. Tunalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu. Mchango tunakusanya msimu wa kuvuna, wakati mtu ana kitu mkononi. Ukiuomba wakati wa kupanda utakosa, na utakuwa umewaonea watu.

Mzigo mwingine ni wa dhamana. Ukishika seva umeshika majina ya watu, anwani zao na maneno yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata ingekuwa haipo, mtu aliyekuamini na namba yake amekuamini. Hii ni sababu nyingine ya kushukuru kwamba wasomaji wetu hawahitaji kujisajili. Tunachoshika ni kidogo, na kidogo ndicho tunachoweza kukilinda. Ufunguo wa dharura uko kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, kwa sababu kundi likiegemea nenosiri la mtu mmoja, siku akiugua kila kitu kinasimama.

Vijana wengine walipenda Bluesky, iliyofunguliwa kwa kila mtu Februari 2024. Ni rahisi zaidi kuanza nayo, lakini inatumia utaratibu wake wenyewe, AT Protocol, na sehemu kubwa ya akaunti bado iko kwenye mashine za kampuni iliyoianzisha. Hatukugombana. Lipo daraja liitwalo Bridgy Fed linalounganisha pande hizo mbili, na bei zetu zinawafikia huko waliko.

Mei 2025 X, ile iliyokuwa Twitter, iliacha kupatikana hapa nchini, na baadhi ya waliokuwa wanatuona wa ajabu walituuliza tulifanyaje. Nilifurahi kuwaeleza. Lakini mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na seva yetu ikawa haina tofauti na mtandao mkubwa wowote. Bei hakuna aliyeikumbuka. Tulitaka kujua nani yuko salama, nani yuko njiani na gari, mtoto wa nani yuko chuo. Kilichotusaidia ni daftari la namba za simu lililokuwa dukani, ambalo dada wa pembejeo aliliandika kwa mkono tangu ukurasa wa kwanza ulipofungiwa. Tuligawana kurasa, kila mtu akapiga namba zake. Nilimpata mzee wa Isongole jioni. Alisema, "Nilijua mtapiga." Tangu wakati huo kila anayejibu maswali kwenye kundi ana nakala ya daftari hilo, na tunalisahihisha kila msimu, kwa sababu watu hubadilisha laini.

Kazi tuliyo nayo sasa ni ya sauti. Mzee huyo macho yamepungua nguvu, na wapo wengi kama yeye ambao mjukuu akiwa shule hawana wa kuwasomea. Seva inapokea mafaili ya sauti. Tumejaribu rekodi fupi za bei, zilizopunguzwa ubora ili zisile bando, zikianza na mahali, tarehe na saa kama zile za maandishi. Mtu wa SIDO ana sauti nzito inayosikika vizuri hata kwenye spika mbovu, hivyo ataanza yeye, kisha Makambako. Mama wa Makete ameomba zake azirekodi kwa Kikinga pamoja na Kiswahili, na wa Umalila nao wameuliza kwa nini wasisikie kwa Kimalila. Tumekubali. Tunachotafuta ni mtu wa Ilembo mwenye nafasi asubuhi, kabla magari hayajaanza kupakia.